Kaoge Kwanza

Ninyi mnaokwenda bustani ya mtoni kila Jumamosi, mkakaa ukingoni mwa bwawa la samaki na aiskrimu mkononi, mkalaza shingo upande mkapigwa picha, mimi huwa nawatazama kutoka benchi la pili nikicheka peke yangu. Mlinzi mmoja aliwahi kunisogelea akasema, "Shikamoo bibi, unahitaji msaada?" Nikamjibu marahaba, mjukuu wangu, niache hivi hivi, mimi ni mzima.

Siwezi kumweleza kila mtu. Lakini ninyi ni wa kwetu, acha niwaambie. Bwawa lile lenye mayungiyungi na samaki wekundu lilikuwa shimo la chokaa la kiwanda cha ngozi. Humo tulitumbukiza ngozi mbichi za ng'ombe, zikakaa mpaka manyoya yakaachia yenyewe. Pale bibi harusi wanapotandaza mashela yao ndipo paliponuka kuliko mahali pengine popote chini ya Mlima Meru. Msiruke, wameshalisafisha. Samaki wanaishi, sembuse ninyi.

Mimi ni Mama Aika. Nilizaliwa Machame, nikaolewa Kimandolu, na kazi iliyonisomeshea watoto ni kupanga madaraja ya ngozi katika kiwanda hicho. Kwenye meza yangu ngozi ilisomwa: hii daraja la kwanza, hii la pili, hii mpeni fundi wa ngoma. Wenzangu waliniita Mama Pua, na jina hilo nililipata siku ya kwanza kabisa kazini, kwa sababu ya ujinga.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Ndetaramo, Mmeru mfupi mwenye uso wa mtu anayetoka msibani. Hakuwahi kutabasamu, kwa hiyo kila alilosema tuliliamini. Alinitandikia ngozi mbili zilizotoka kijijini zimepakwa chumvi, akasema, "Binti, hapa kazi ni ulimi. Lamba uniambie ipi imekolea."

Nikalamba. Zote mbili.

Nyuma yangu kiwanda kizima kililipuka kwa kicheko. Wapakuzi walidondosha mizigo. Kumbe kila mgeni aliambiwa alambe, na wote kabla yangu walikataa au walikimbia. Mimi nilikuwa nahitaji kazi, na ulimi wangu ulikuwa tayari umekwishaingia matatani, nikaona nimalizie. Nikasema, "Hii imekolea. Hii nyingine upande wa shingo haina chumvi, itaoza kabla ya Jumatatu."

Mzee Ndetaramo akaja kuikunja ile shingo, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa. Ilikuwa imeanza kulainika. Akanitazama na uso wake ule ule wa msibani akasema, "Kesho tumia pua. Ulimi uutunzie chai."

Basi akanifundisha. Ngozi unaanza kuinusa ukiwa bado hujaigusa, kwa sababu ukishaigusa mkono unanuka na pua inachanganyikiwa. Unaiinua kwenye mwanga uone matobo ya kisu, maana mchinjaji mlevi ana mwandiko wake na utamjua hata kama hujawahi kumwona. Unapitisha kiganja kutoka mkiani kwenda shingoni, usirudi nyuma. Tena asubuhi usinywe kahawa kabla ya kupanga madaraja. Kahawa ya Meru ni nzuri mno, inaifanya pua ivimbe kichwa, ikadharau kazi.

Zamani tulilainisha kwa magome ya miti ya miwati, na ngozi ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Baadaye wakaleta dawa za unga, na ngozi zikawa zinatoka pipani zikiwa za buluu. Za buluu kabisa! Mzee Ndetaramo alikataa kuzigusa. Alisema amechunga tangu utotoni, hajawahi kukutana na ng'ombe wa buluu. Kazi ilikwenda haraka kwa dawa zile, sikatai, lakini maji yaliyotoka kiwandani yaliwafanya akina mama wa kule chini wahamishe mahali pa kufulia. Sisi tuliona, tukanung'unika jikoni, tukaendelea na kazi. Leo nikiona watoto wamekunja suruali wanakamata vyura palepale, najisikia vizuri kuliko ninavyostahili.

Na tulikuwa tunanuka, wanangu. Mnasikia watu wakisema kazi ni kazi? Wanasema hivyo wakiwa mbali. Kanisani benchi letu lilikuwa letu wenyewe, hata siku ya Krismasi watu wanasimama nje sisi tumejinyoosha. Dawa niliyoitumia ilikuwa majivu ya kuni na ndimu. Unasugua kwa majivu kwanza, unasuuza, ndipo ndimu. Ukianza na ndimu unapika mchuzi.

Sasa, aliyenuka kuliko sote alikuwa Lesikari.

Lesikari alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mrefu kama nguzo ya simu, na kazi yake ilikuwa humo humo kwenye shimo la chokaa. Alisimama ukingoni na mti mrefu wenye ndoano, akizigeuza ngozi kama mama anayegeuza maandazi. Alikuwa mtundu. Siku moja nilitumwa kwao kuwafundisha wafugaji wasipige chapa ubavuni, maana chapa ya moto ubavuni inaharibu ngozi nzima, bora mguuni. Kimaa sikukijua, Lesikari akawa mkalimani wangu. Nilisema sentensi moja, yeye akasema kumi. Wazee wakacheka, wakanitazama toka kichwani mpaka miguuni, wakacheka tena. Nilipombana njiani akakiri: "Niliwaambia huyu mama anasema ng'ombe wenu ni wazuri kuliko wenye ng'ombe." Lakini chapa walihamishia mguuni, kwa hiyo sikuwa na la kumlaumu.

Mtu huyo mtundu, asiyeogopa fahali wala bosi, alikuwa anamwogopa binti mmoja: Sista Ruthi.

Ruthi alikuwa nesi wa kiwanda. Alikaa katika chumba kidogo cha huduma ya kwanza karibu na lango, dirisha likiwa wazi upande wa mtoni mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mweupe wa sare, mwenye maneno machache na yote yenye ncha. Lesikari akaanza kuumia. Wiki hii kidole, wiki ijayo kiwiko. Kidole kilipopona akaota kijipu. Alipokosa kabisa cha kumuuma akaja mezani kwangu akasema, "Mama Aika, nifunge kitambaa kidole hiki." Nikamwambia kidole ni kizima. "Najua. Funga." Nikafunga. Mtu akiwa katika hali ile humkatalii kitambaa.

Nikamfuata mpaka dirishani nikasikilize, maana nani asingesikiliza? Ruthi akafungua kile kitambaa polepole, raundi baada ya raundi, akakigeuza kidole juu chini. Kisha akakiachia akasema, "Nenda kaoge kwanza, ndipo urudi uumwe."

Lesikari alitoka pale akitembea kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Hakurudi tena katika chumba kile. Hata siku chokaa ilipomrukia mkononi, kweli kweli, alikwenda bombani akauachia mkono chini ya maji kwa muda mrefu bila kuusugua, kama tulivyofundishwa, na Ruthi hakuitwa. Baadaye Ruthi akahamia kazi ya hospitali huko karibu na kwao, akaolewa na mwalimu. Lesikari akaoa msichana wa nyumbani, mke mwema, nilimfahamu. Kiwanda kikafungwa, mabati yakaliwa na kutu, watu wakaiba mlango mmoja mmoja. Miaka ikapita. Mwalimu akafariki. Mke wa Lesikari naye akafariki. Na pale mtoni wakaja watu na matingatinga, wakaliacha bomba la moshi limesimama kwa ajili ya urembo, wakapanda maua, wakaweka mabenchi.

Mwaka huu, baada ya masika, simu yangu ikaita.

"Mama Aika, ni Lesikari."

Tukasalimiana sana, habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za magoti. Nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu wa Oldonyo Sambu hapigi simu kuuliza magoti ya Mchaga.

"Vijana wangu wanataka kunihamishia Dar," akasema. "Nilianguka karibu na zizi, kidogo tu, jirani akawapigia. Wamenijengea chumba. Kina feni."

"Si vizuri?"

"Ni watoto wazuri, siwasemi. Lakini, aisee Mama Aika, nitakaa niitazame feni mpaka nife? Wanakuja kunichukua mwisho wa mwezi. Kabla sijaondoka nataka nimwone Sista Ruthi. Nimsalimie tu."

"Umsalimie au umpose?"

Nikamsikia anakohoa.

"Tuanze na salamu," akasema.

Mimi na Ruthi tuko pamoja katika umoja wa wanawake wa kanisa, tunaonana mara kwa mara, na Lesikari alilijua hilo. Ningeweza kumwambia Ruthi ukweli. Lakini ukweli ungempa nafasi ya kukataa, na mimi sikuona sababu ya kumpa nafasi hiyo. Nikamwambia daktari amenitaka nitembee mahali tambarare, na Nkoaranga kwao ni kupanda na kushuka tupu, basi aje mjini anisindikize bustanini. Ruthi akasema, "Daktari gani huyo?" Nikamtajia jina la jirani yangu anayefuga kuku.

Lesikari nilimpanga vizuri. "Kaa kwenye benchi karibu na bwawa. Sisi tutapita. Wewe ushtuke."

"Nishtuke vipi? Mtu wa Oldonyo Sambu anajikutaje tu bustanini?"

"Sema umekuja mjini kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe."

Jumamosi ikafika, na mjini hakukuwa na wingu. Mlima ulionekana wote mpaka kileleni. Bustani ilijaa. Kulikuwa na maharusi wa maandamano mawili, kila moja na matarumbeta yake, wakigombania bomba la moshi kwa ajili ya picha. Ruthi alivaa kitenge cha zambarau na viatu vya kutembelea, akashika mkono wangu kwa sababu mimi ndiye mgonjwa, nikajitahidi kuchechemea.

Nilimnusa Lesikari kabla sijamwona.

Wanangu, alikuwa amejimwagia pafyumu ya mjukuu wake, na si matone. Baadaye alikiri kwamba chupa ilikuwa imejaa wakati anaanza. Alikaa wima kwenye benchi, suti ya kahawia, shuka nyekundu begani, fimbo mkononi, kofia kichwani, na miguuni dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe ambalo alikuwa amelinunua kweli ili uwongo uwe na ushahidi. Watu waliokuwa kwenye benchi la jirani walikuwa wameshahama.

"Ooh!" akasema, akashtuka kama tulivyokubaliana, vibaya sana. "Mama Aika! Na huyu si… si Sista Ruthi?"

Ruthi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama goti langu. "Lesikari," akasema. "Umepungua."

"Shikamoo," Lesikari akasema, kwa hofu, kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimzidi umri. Ruthi akataka kucheka, nikamwona, kona ya mdomo ilicheza. Nikajua mambo yanaanza kukaa sawa.

Hapo ndipo nyuki walipofika.

Kando ya mto kuna vijana wametundika mizinga kwenye miti, mmeiona. Nyuki wale huwa wanafanya shughuli zao kwenye maua na hawamsumbui mtu. Lakini siku ile walikutana na ua moja refu la kahawia lenye kofia, linanukia kuliko bustani yote. Alikuja mmoja akazunguka ukosi. Wakaja wengine. Lesikari akainua mkono taratibu kumfukuza yule wa kwanza, na kosa likawa hilo. Nikasikia ule mvumo ukibadilika, ukawa mzito.

"Usipige!" Ruthi akasema. "Tulia!"

Walikuwa wameshamchoma sikioni. Lesikari alisimama. Hakukimbia, niwaambie ukweli, Mwarusha mwenye umri wake hakimbii mbele ya matarumbeta mawili. Alitembea kwa heshima zake zote mpaka kona ya juu ya bwawa, kona ambayo ninyi mnadhani ni ukingo kama kingo nyingine. Chini ya maji pale kuna ngazi ya zamani. Aliijua kwa miguu. Akashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, maji yakafika kifuani, akavua kofia akaiweka ukingoni, akazama.

Bibi harusi mmoja alipiga ukelele, shela likakimbia kuliko yeye. Mpiga tarumbeta alichomwa mdomoni katikati ya wimbo, na noti aliyoitoa sijaisikia tena maishani. Mlinzi, binti mdogo mwenye sare mpya, akasimama mbali kabisa akapaza sauti: "Mzee! Kuogelea hakuruhusiwi!"

"Mwambie nyuki!" nikamjibu.

Lesikari alitoa pua nje, akavuta pumzi, akazama tena. Mimi, Mama Pua, niliyemleta, nilisimama pale goti likiwa zima kabisa nikifikiri: nimemuua. Nitawaambia nini vijana wake? Kicheko chote kiliniisha. Ni mzee, maji ni ya baridi yanatoka mlimani, na kuna watu nyuki wachache tu wanawatosha.

Ruthi hakusimama kufikiri. Alivua kitenge chake cha juu akajifunika kichwa na mabega, akawaambia watu waondoke kimya kimya bila kurusha mikono, akapiga goti ukingoni. Nyuki wakapungua, kwa kuwa maji yalikuwa yanaisafisha ile pafyumu na kuwapelekea samaki. Alipoona wamebaki wawili watatu akanyoosha mkono.

"Toka sasa. Polepole. Nishike hapa."

Tukamkalisha kwenye benchi la mbali, juani. Maji yalimtiririka mpaka kwenye viatu. Ruthi akatoa kadi yake ya bima mkobani akaanza kukwangua miiba kwa ukingo wa kadi. Mjue hilo, wanangu: mwiba wa nyuki hauufinyi kwa vidole, unaukwangua kwa pembeni, na upesi. Alimtazama macho, akamshika mkono akahesabu mapigo, akamuuliza kama koo linabana. Halikubana. Sikio tu lilikuwa limevimba kama andazi, na jicho moja linafunga.

"Nimeoga," Lesikari akasema ghafla.

"Naona umeoga," Ruthi akasema. "Pamoja na samaki."

"Hapana. Asubuhi. Nyumbani. Ulisema nikaoge kwanza ndipo nirudi."

Kadi ya bima ikasimama hewani. Mimi nikatazama bomba la moshi.

"Lesikari," Ruthi akasema, "hiyo ilikuwa zamani gani?"

"Mimi sijasahau."

"Mimi pia sijasahau. Nilisema ukaoge, ndipo urudi. Mbona hukurudi?"

"Ulinifukuza!"

"Nilikufukuza wapi? *Ndipo urudi*. Hilo neno hukulisikia?"

"Nilisikia kaoge."

Ruthi akashusha kadi. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa na ncha. "Nilinunua sabuni," akasema. "Kipande kizima cha sabuni ya kunukia, nikakiweka kwenye droo ya bandeji. Nikasema akija na kidole kingine kizima nitampa hiyo. Kilikaa mle mpaka siku ninahama. Nikamwachia mfagizi."

Walikaa wale wazee wawili, mmoja amelowa, mwingine ana kadi ya bima mkononi, na sikuona huzuni tu hapo. Kila mmoja alikuwa amepata maisha yake, na maisha yalikuwa mazuri, na wenzao waliowazika waliwapenda. Walilijua hilo. Lakini nyuso zao zilikuwa kama za watu walioonyeshwa chumba katika nyumba yao wenyewe ambacho hawakujua kipo.

"Vijana wananihamishia Dar," Lesikari akasema mwishowe. "Mwisho wa mwezi."

Ruthi akaukunja ukingo wa kitenge, akaukunjua. "Upepo umeniangushia migomba," akasema. "Sina mtu wa kuniinulia wala wa kupanda mingine."

"Mimi ni mtu wa ng'ombe."

"Utafundishwa."

Wakati huo mlinzi akawa amefika, kwa uangalifu, ameshika kitabu cha sheria za bustani kama ngao. "Shikamooni. Samahani, bibi zangu, lakini mzee ameingia bwawani, na pale pameandikwa."

Nikamshika mkono nikampeleka pembeni. "Mwanangu, unajua yule ni nani? Yule ndiye mtu aliyelifanyia kazi bwawa hili tangu hujazaliwa. Leo amekuja kuliangalia kwa ndani."

"Kumbe! Ni mkaguzi?"

"Amekagua mpaka chini," nikasema. Na katika maneno hayo yote hakuna hata moja lililokuwa la uwongo, isipokuwa maana yake. Yule binti akamletea Lesikari taulo.

Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Walikuwa wanapanda njia ya maua kuelekea getini, Ruthi mbele, Lesikari nyuma akichuruzika, na mimi wameniachia dumu la dawa ya ng'ombe. Nililibeba mwenyewe mpaka Kimandolu, na goti likaanza kuuma kweli.

Kuanzia wiki ile Lesikari akawa anakwenda Nkoaranga kila asubuhi. Na msianze kufikiri yenu: usiku alilala Tengeru kwa mpwa wangu, na ng'ombe aliwaachia jirani. Ile njia ya kupanda kwa Ruthi ni ya kushika majani kwa mikono, na mara mbili nilimpigia nikasikia anahema tu kwenye simu, hajibu.

Mwisho wa mwezi vijana wake wakaja na gari kutoka Dar, wakakuta nyumba ya Oldonyo Sambu imefungwa kufuli. Mkubwa wao, Daudi, akanipigia kwa adabu yenye moto chini. "Shikamoo mama. Baba tunamtafuta, na majirani wote wanasema tukuulize wewe."

"Marahaba mwanangu. Nendeni Nkoaranga, muulize kwa Sista Ruthi. Gari mliache barabarani."

Walipanda na viatu vyao vya ofisini. Mimi nilikuwa nimetangulia, nimekaa jikoni kwa Ruthi, maana jambo kama hilo husimuliwi, unalishuhudia. Walimkuta baba yao shambani, amekunja suruali, udongo mpaka magotini, uso umenawiri. Wakasalimia. Ruthi akawaitikia kama alivyowaitikia wagonjwa, akawapima kwa macho tu, akawaambia wanawe mikono.

Daudi hakuwa mtu wa kuzunguka. "Baba, tumekuja. Twende nyumbani ukachukue vitu vyako. Tuna safari ndefu."

Lesikari akajifuta mikono kwenye shuka. "Sawa, mwanangu. Ngojeni ndizi ziive, ndipo tuondoke."

Moto ulikuwa unawaka, sufuria la ndizi na nyama limefunikwa linachemka. Vijana wakakaa kwenye magogo wakangoja. Zikaiva. Ruthi akapakua, wakala, wakaongezewa, wakala tena mpaka wakalegeza mikanda, na kijana mdogo akasinzia akiegemea ukuta. Daudi akatazama saa, akasimama.

"Baba, tumeshiba, Mungu ambariki mama. Ndizi zimeiva. Twende."

Lesikari hakuinuka. Alinyanyua fimbo yake akaielekeza nyuma ya jiko, kwenye kichipukizi cha mgomba kilichofika kiunoni mwa mtoto, udongo wake ukiwa bado na alama za vidole vyake.

"Ndizi za ule, mwanangu," akasema. "Nimeupanda leo asubuhi."